Safu ya Bei

Tarehe ishirini na saba Juni, upepo wa Dodoma
unabisha madirisha ya maktaba kama mdai aliyechoka.
Pesa ya vitabu imeingia jana, saa kumi jioni.
Mfumo utafungwa tarehe thelathini.
Siku tatu, basi, za kununua elimu ya mwaka mzima.

Ndivyo tununuavyo; daftari halifichi.
Nimepanga miaka kumi na minne, mwezi kwa mwezi:
Julai tupu, Agosti tupu, Desemba kamusi moja,
halafu Juni, Juni imefura
kama mbuga ya Bahi mvua ikipitiliza.
Mgeni angedhani hapa watu husoma kipupwe tu.

Mkaguzi anauliza: "Bi Ndahani, nakala sitini na mbili
za kanuni za uhasibu, kwa nini?"
Kwa sababu, ndugu mkaguzi, ndizo alizokuwa nazo mzabuni.
Kwa sababu lori lilikuwa limeshafika Gairo.
Kwa sababu pesa isiyotumika hurudi ilikotoka,
na mwakani husemwa: hawa hawana njaa.
Hayo sikuyasema.
Nilisema, "Mahitaji ya idara."

Nakala hamsini na tano hazijatoka rafuni hata siku moja.

Yapo na maboksi ya zawadi kutoka nchi za baridi:
namna ya kuondoa theluji barabarani, toleo la tatu.
Tuliyapokea, tukayagonga muhuri, tukashukuru kwa barua.

Safu ya lugha niliihesabu usiku, peke yangu.
Katika kila vitabu mia, viwili vya Kiswahili.
Cha Kigogo hakuna.
Vinavyowasimulia Wagogo vipo, vitatu, kwa Kijerumani,
vimefungiwa kabatini, na ufunguo anao mtu aliyehamia Tabora.

Kisha nambari 20417.
Mzabuni: hakuna. Bei: sifuri.
Kuazimwa: mara themanini na nane.
Kitabu cha udongo wa Bahi na chumvi yake, kurasa tisini na sita,
cha bwana shamba mstaafu Lechipya Malogo,
aliyekichapisha kwa pesa ya ng'ombe wawili.
Mgongo wake umeshikizwa mara tatu kwa gundi ya seremala.
Wanafunzi wa kilimo wana foleni yao, kwenye karatasi yao,
na wanagombana.

Niliomba nakala kumi. Manunuzi wakajibu:
mwandishi hana namba ya mlipakodi, hana mashine ya risiti,
hayumo katika orodha.
Na ule mchoro wa ripoti, wenye rangi, wanaoupenda wakubwa,
hupanga vitabu kwa thamani ya shilingi.
Sifuri haichorwi.

Alhamisi alikuja mwenyewe,
koti la mvua mwezi usio na mvua,
baiskeli akaiegemeza kwenye tangazo la kukataza baiskeli.
"Mbukwa," akasema, akaulizia kitabu chake.
Nakala zake zimekwisha; ya mwisho mjukuu aliipeleka shule,
haikurudi.
Kitambulisho cha chuo hana, kuazima hawezi,
nikampa kiti karibu na dirisha asomee hapohapo.

Baada ya saa moja nikamwona ana penseli.
Ukurasa wa arobaini na moja, kipimo cha magadi:
anafuta, anapuliza vumbi la kifutio, anaandika.
Kuandika katika kitabu cha maktaba ni kosa,
faini shilingi elfu tano, nimelibandika mwenyewe ukutani.
Nikageukia sanduku la theluji
nikajifanya nahesabu.

Alipotoka nilisoma kitabu cha wageni.
Sababu ya kuja: *nilikosea.*

Leo mfumo umefungwa. Ripoti yangu inasema
bajeti imetumika asilimia mia, na ni kweli tupu.
Kabla ya kuzima kompyuta nimefungua 20417,
safu ya maoni, ambayo miaka yote hakuna aliyeijaza,
nikaandika:
toleo la pili. Nakala moja. Kwa penseli.