Sauti ya Kuazima

Kompyuta yangu ilikuja na mzungu ndani,
bwana wa makamo, mafua kidogo puani,
aliyeiita Ujiji Yujijai
na neno "asubuhi" akalisoma kama jina la dawa ya kikohozi.
Nilimzoea. Macho yangu yalifunga duka nikiwa na miaka tisa,
na mwombaji sauti hachagui koo.

Miaka minne, hapa ofisi ya mizigo, hatua chache toka bandarini,
yeye ndiye aliyenisomea barua za wateja wa Kalemie,
zote Kifaransa,
na hapo ndipo bwana alipovunjika meno.
"Ciment" ikawa saimenti. "Huit" ikawa hwiti.
Alizitafuna kama mgeni anayekula mgebuka na miiba yake,
anaona haya kutema mbele ya wenyeji.
Nami nilitega sikio palepale mdomoni pake,
nikiokota nyama.

Sadoki Ntakije wa Mwanga, fundi wa simu na redio,
ndiye aliyeniambia, tena kwa kupita tu:
"Sauti hubadilishwa, ndugu yangu. Kama betri."
Kama betri!
Usiku ule nikanunua bando,
nikaanza kubisha hodi.

Wa kwanza alikuwa bure, mwepesi, bati linalokwaruzwa.
Wa pili bei yake mbuzi watatu;
akanionjesha sentensi mbili
akaziba mtungi.
Wa tatu alikuwa anashuka polepole, asilimia tisini na moja,
umeme ukakatika, Mwanga mpaka Gungu.
Majirani wakakaa gizani.
Mimi nilikaa kimya.

Akaingia alfajiri. Kwenye orodha jina lake Solène.
Nikamfungulia barua ya Papa Kyungu, ile ya Jumanne,
na maneno yakavaa nguo.
Herufi zisizotamkwa akazimeza kwa adabu,
akapumua penye mkato,
na katikati ya habari za forodha
nikasikia Papa Kyungu anatania.
Anatania! Mfuko uliopasuka njiani
kauita bibi harusi aliyemwagiwa unga.
Miaka minne mtu huyu ananichekesha
nami namjibu, "Barua yako tumeipokea."

Kosa langu la kwanza nikalifanya kwa sauti nzuri.
"Quatre-vingts," alisema, safi kama maji ya Bangwe.
Nne, ishirini. Nikaandika mifuko ishirini na nne.
Bi Sikudhani akapiga meza:
"Themanini! Ishirini mara nne!
Hesabu ya hao watu hupanda ngazi kwa magoti!"
Zamani nikikosea nilimsukumia bwana wa mafua.
Sasa sina wa kumsingizia.

Jioni huingia ujumbe kutoka Heru Juu.
Mama husema, mpwa wangu Nyamwiza huandika,
Kiha kitupu, kama kinavyomtoka.
Nikampa Solène: akampeleka mama Ufaransa bila viatu.
Nikampa binti wa Kiswahili, mstaarabu, alijitahidi,
akamsoma sawasawa kama barabara iliyopitiwa greda.
Mama hasemi sawasawa.
Mama hupanda, hushuka, husimama mgongoni mwa neno
akatazama bonde, ndipo amalizie.

Nimeipitia orodha yote kwa mshale wa chini.
Kigiriki. Kigujarati. Kihindi.
Pale Kiha kingekaa, hapana hata pengo;
mshale unapita kama basi lisilo na abiria wa kushusha.

Basi nimemrudia bwana wa mafua.
Herufi zake nazijua, hazinipotezi.
Namwambia ataje moja moja, asijaribu neno:
em, dabliu, ei, kei, ii, wai, ii.
Ananitajia, na mafua yake.
Nami nageukia dirishani,
naziunganisha kwa mdomo wangu,
mwakeye,
napandisha pale mama angepandisha.
Mara ya kwanza nakosea. Narudia.
Bwana ananisubiri.