Nusu-Maisha

Saa mbili asubuhi, ukungu wa Loleza bado umeegemea dirisha,
na mimi, mfasiri wa fomu, ninayelipwa kwa ukurasa,
namsomea Subilaga Mwakibete wa Isyonje
mambo ambayo jana usiku nilidhani nimeyaelewa.

Mwanawe Lugano ana miaka kumi na moja.
Viatu vyake ni vya chekechea.
Ameketi, miguu haifiki sakafuni,
anahesabu vigae.

Peptidi, nasema, ni mnyororo mfupi.
"Wa nini?"
Wa vipande vijengavyo protini, mama, kama shanga;
ukibadili moja, si mkufu uleule.
Homoni ya ukuaji aliijua kabla sijamaliza:
"Mbolea ya kukuzia."
Naam. Ila hii ya kwetu si mbolea yenyewe.
Hii ni mjumbe tu. Huenda kwenye tezi chini ya ubongo,
hubisha hodi, husema: toeni mbolea.
"Na kama ghala ni tupu?"

Swali lake limo ukurasa wa tisa,
kwa maneno arobaini na nukta-mkato mbili.

Kipokezi kilipita salama.
Kila mjumbe, alisema, sharti akute mtu nyumbani.

Kisha nikasoma, bila kuinua macho:
nusu-maisha ya dawa hii ni dakika thelathini.

Akamvuta mtoto. Akamshika kichwa kwa mikono miwili
kama anayezuia chungu kisianguke.
"Ataishi nusu?"

Neno nililolifasiri mwenyewe,
nikalipigia mstari kwa kujivuna,
kumbe lililala humo kama wembe ndani ya mkate.

Nikalikata. Nikaandika pembeni, kwa mkono:
muda ambao dawa hupungua mwilini ikabaki nusu.
"Kama sukari nyumbani kwangu," akasema,
akacheka kidogo, bila kumwachia.

Hakuwa amemaliza. Kidole kilirudi juu kabisa,
penye neno ambalo sikulieleza
kwa sababu kila mtu analijua.
"Na hili? Utafiti?"

Nikatazama mlangoni. Daktari hakuwepo.
"Maana yake, bado hatujui."

Akaikunja fomu mara nne, akaifunga kwenye pindo la kitenge.
Atarudi Alhamisi, alisema. Au hatarudi.
Lugano akaruka kutoka kitini,
safari ndefu,
hadi sakafuni.