Chini ya Chokaa

Mimi ndiye niliyelowesha chokaa
ya nyumba ile ya shamba la mkonge kule Boko,
nikaichekecha, nikailaza piponi siku tisa,
maana msanifu aliikataa saruji:
ukuta wa matumbawe, alisema, lazima upumue.
Tukaukanda kwa viganja, kama mzazi wa siku tatu.

Paa likarudi. Baraza ikapata nguzo.
Penye mashine ya korona sasa wanakaa watu mia tatu,
ofisi ya karani, bibi harusi hubadilishia gauni humo,
na kengele iliyoamsha manamba saa kumi alfajiri
hugongwa keki inapokatwa.

Watu hupiga makofi.

Ghalani nilikwangua rangi tabaka tano
nikakuta mistari ya mkaa:
minne wima, mmoja umeikata kifuani,
minne, mmoja, minne, mmoja,
kuanzia usawa wa jicho hadi usawa wa goti.
"Hapo usipake," msanifu akasema.
Wakapaweka kioo, na taa ndogo ya manjano. Pambo.

Nilimwonyesha shangazi Melania picha kwenye simu.
Akaikuza kwa vidole viwili, akaikuza tena.
"Hizo si siku. Siku nani alizihitaji?
Hayo ni mafungu. Majani thelathini, fungu moja.
Baba hakujua kusoma,
ila alijua karani anajua kusahau."
Halafu akauliza bei ya ukumbi.

Si lazima iwe ya babu.
Walikuwa watu mia nne kambini, na mkaa hauna sahihi.

Mwezi wa nane nikarudi kwa suti ya kuazima,
kadi ya mtu mmoja, elfu themanini,
niliyoilipa kwa awamu hadi mweka hazina akachoka kunipigia.
Wakaniketisha nyuma kabisa, mlangoni mwa ghala.
Mshereheshaji akatutania sisi wa mbali,
pilau ikachelewa, jenereta likakohoa
likazima.

Gizani wanawake wakacheka, mtoto akalia,
mimi nikapapasa ukuta nilioupaka mwenyewe,
hapa mkono ulilegea, hapa mwiko uligota,
hadi ubaridi wa kioo.

Fungu la mwisho, chini kabisa, lina mistari minne.
Wa tano haupo.
Homa? Mnyapara kaita? Au kipande kilijaa
akafunga virago vyake akarudi Njombe,
asigeuke hata kutazama?
Siku ile nikikwangua nilikuwa na mkaa mfukoni,
wa kupigia alama za fundi seremala.
Niliushika.
Nikaurudisha mfukoni.

Taa zikawaka. Kila mtu akajifanya hakuogopa.
Mshereheshaji akaanza kutuita kwa namba twende tukapakue,
meza ya kwanza, ya pili, ya tatu, taratibu, chakula kipo.
Yangu ilikuwa ya ishirini na tisa.