Nyuzi za Łódź

Kiwanda cha pamba cha Łódź sasa ni ofisi.
Hapa ndipo bibi yake Jagna alipounga nyuzi
mashine ikiwa bado inakwenda.

Lugha aliyoizoea Jagna ilimwachia tu:
nyuzi mbili zikaikuta hesabu saba,
kila uzi ukaongeza moja, ukaandika nane.
Tisa haikuzaliwa. Hakuna aliyeilia.

Hii mpya ina gubu la mama mkwe:
hiki cha nani? nani kakishika?
ukimpa yule, wewe wabaki na nini?
Imemkatalia mara kumi na moja.

Saa tano usiku, theluji kioo kizima,
anaweka kufuli, ufunguo mmoja.
Inakubali, hata hongera haitoi.

Jagna anahesabu vidole vyake: kumi.
Bibi alizikwa na vinane.