Tembe

Kwetu neno hili lilikuwa na kazi zake tayari:
nyumba ya udongo yenye paa la kulala,
na kuku jike anayekaribia kutaga.
Kisha zahanati ikaleta tembe za homa.
Sasa Mbuke anamimina tembe nyingine juu ya turubai
na watu wa Nyanguge wanauliza zinatibu nini.

"Mgongo," anasema,
bila kuinua macho kwenye mashine.

Mimi ndimi niliyemfungia hiyo mashine.
Injini ni ya kinu cha marehemu Shigela,
iliyosaga mahindi ya vijiji vitatu
hadi umeme ulipofika na kuiaibisha.
Sahani ya chuma tulitobolesha mjini, Mabatini,
matundu mia na ishirini, unene wa kidole cha mtoto,
na fundi aliponiuliza ni chujio la nini
nikaona haya, nikasema: la chai.

Mara ya kwanza ilitema vumbi.
Mara ya pili ikanyamaza, ikanuka mkanda.
Tukazidisha maji, ikatoa uji;
tukapunguza, ikakaba kama koo la bahili akiombwa nauli.
Wiki tatu nilizibua matundu kwa msumari,
moja moja, mpaka nikayajua kwa tabia.
Mbuke akachota unga wa mabua,
akafumba kiganja, akafumbua:
"Ukishikana bila kunilowesha, tia."
Hicho ndicho kipimo chetu hadi leo.

Zikatoka.
Zina moto, zinang'aa, fupi fupi,
na mtoto wa Ngolo akapiga kelele barabarani
kwamba mashine imekunya kama mbuzi.
Jina halikufutika. Nipe gunia la mavi ya mbuzi,
wanaagiza, wala hawacheki tena.

Mwezi wa tisa akaja bwana shamba na pikipiki yake,
karatasi mkononi, sauti ya mkutanoni:
masalia yote ya pamba yang'olewe, yachomwe,
wadudu wasipate pa kulala kungoja msimu.
Akaliona rundo la mabua nyuma ya kinu,
refu kuliko paa. Akavua kofia, akaivaa tena.
"Haya yalitakiwa yawe majivu."
"Yatakuwa," Mbuke akamjibu.
"Sheria imesema tuchome.
Haikusema chungu kisiwe juu yake."

Hakucheka.
Alikaa juu ya gunia, akala ugali na dagaa
ulioiva kwa vikombe viwili vya mabua yaleyale,
akaandika kitu, akakifuta, akatupa siku nne.
Hatukulala siku nne.

Sisemi kila kitu kimenyooka.
Masika yaliyopita paa lilivuja juu ya magunia kumi na moja;
asubuhi tembe zimevimba, zimefunguka,
zimerudi kuwa makapi kana kwamba hatujawahi kukutana.
Dizeli inapanda kila tukiizoea bei.
Na mama mkwe wake Mbuke, Bi Nyanzobe,
analalamika jiko hili halina moshi:
mbu wanaingia, nyasi za paa zitaliwa na mchwa.
Hilo ni kweli. Sijapata la kumjibu.

Vile vilima vya mawe vinavyotazama ghuba,
wanawake walikuwa wakivipanda alfajiri,
wakirudi na miiba kichwani na mikwaruzo miguuni.
Sasa wanapita kinuni mchana, na debe.
Wanapiga soga, wanakopa, wanaondoka.

Jana nilimpelekea Bi Nyanzobe gunia lake.
Akalinusa, akaniambia nilisogeze mbali na mlango.
Juu darini niliona kuni tatu za mgunga
zimefungwa kwa katani, masizi yamezivika koti.
"Na zile?"
"Zile za siku injini yako itakapougua."
Akachota tembe kwa kikombe, akazitia jikoni
chache chache, midomo ikihesabu,
kama mtu anayeogopa kuzidisha dozi.