Rangi Moja Tu

Ndani ya chupa ni nyeusi,
nyeusi ya sufuria iliyosahauliwa mekoni.
Nikamwambia Khavere, leo umenipiga.
Akacheka na pengo lake lote:
"Rangi hii haikai chupani, mama. Inakaa kwenye mwendo."

Shilingi mia mbili na hamsini.
Hiyo ni sukuma ya juma zima,
na kibiriti, na mtoto apate andazi.
Nililipa nikiangalia pembeni
kama mtu anayelipa deni la shemeji.

Kaptembwa, stima zimepotea.
Nikaketi mlangoni juu ya ndoo iliyofudikizwa.
Mkono wa kushoto, mpako wa kwanza:
maji ya kufulia.
Nusura niufute kwa pindo la leso,
lakini Chelimo akasema ngoja, paka tena,
akanishika kidole kimoja kimoja
kama fundi anayeshika balbu.
Mkono wa kulia akaupaka mwenyewe,
akavuka mipaka, akapaka na nyama.

Jua la saa kumi na moja likapenya kati ya mabati,
na kucha zikafunguka.
Nikiinua, kijani.
Nikishusha, zambarau.
Na pale katikati, kidole kinapokata shauri,
shaba inapita mbio
kama mtu aliyekosea mlango.

"Chozi!" akasema Chelimo,
nami nikadhani ameona nalia.
Alimaanisha ndege, yule mdogo
anayening'inia kwenye mishubiri ya jirani,
mwenye kifua kisichoamua.
Ingawa lile lingine nalo
halikuwa mbali, sitaficha.

Maana kitu hiki nakijua.
Miaka sita nashika nozeli,
na kila mvua inyeshapo
petroli iliyodondoka hujichora madimbwini
hivi hivi, kijani ikiifukuza zambarau,
na amri ni moja: mwaga mchanga.
Nimemwaga mchanga miaka sita.

Asubuhi, Bwana Simwa na daftari lake.
Kanuni imebandikwa karibu na kizima moto:
KUCHA FUPI. RANGI MOJA TU.
"Nyoosha mikono."
Nikanyoosha. Akaandika: kijani.
Nikajikuna shingo kidogo. Akafuta.
Akaandika: zambarau.
Akazunguka pampu namba tatu, akatokea upande wa pili,
akafuta tena, hadi karatasi ikatoboka.
"Hizi ni ngapi?"
"Moja, bosi. Nimelipia moja."
Oduya wa dizeli akasema ni buluu,
lakini Oduya hata soksi huvaa kwa kubahatisha.

Basi Simwa akavua miwani, akainama
juu ya mkono wangu
muda mrefu kidogo kuliko kanuni inavyotaka.
Sijawahi kumwona akitazama kitu
asichokusudia kukikata mshahara.
Lori la Malaba likapiga honi, akashtuka, akafunga daftari.
"Na inauzwa wapi?"
akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia choo.

Leo Alhamisi.
Gumba la kulia limeharibika:
nilihesabu chenji kabla halijakauka,
na noti ya hamsini ikaacha mkunjo wake pale.
Sijalirekebisha.

Usiku baridi inateremka kutoka Menengai,
tunavaa makoti juu ya sare,
magari yanasimama, vioo vinashuka nusu.
Mwenye gari hutazama namba zinavyopanda,
lita, shilingi, lita,
midomo yake ikihesabu pamoja nazo.
Mimi natazama mkono ulioshika nozeli.
Ukitetemeka kidogo tu kwa nguvu ya pampu,
kijani, shaba, zambarau, kijani,
na lile gumba lenye mkunjo
linachelewa, halafu nalo linafuata.
"Jaza," anasema mtu gizani.
Najaza.