Rasimu ya Tano

Saa nane usiku, Al-Hail. Kiyoyozi kinakohoa,
chai ya zaatari imepoa, imefanya utando,
nami naifuta tena sentensi ya kwanza:
*Siku wadi la Samail lilipotukuta njiani, nilikuwa na miaka sita.*

Rasimu ya kwanza ilikuwa na radi tatu.
Nilizitia mwenyewe. Sikumbuki radi hata moja.
Nakumbuka harufu ya viti vya Kresida vilivyorowa,
na kaseti ikiendelea kuimba chini ya maji
(na hilo nalo, nikiliandika, nalitilia shaka).

Ya pili niliipa vina:

*Maji yaliporomoka, mlimani yakavuma,*
*gari lile likaruka, mbele likarudi nyuma,*
*Baba akahangaika, akanifuata hima,*

mstari wa nne ukataka mtu afe ili ukae sawa.
Hakufa mtu.
Na gari halikuruka. Lilizama kwa adabu,
kama mzee anayetafuta mkeka kwa makalio.

Ya tatu ndiyo niliyoipenda.
Ndani yake Baba ametufikisha kwenye mawe,
anahesabu vichwa, anakuta pungufu,
anarudi majini, kanzu imemganda miguuni,
anarudi kwa ajili yangu.
Miaka thelathini na minane nimeishi juu ya mstari huo.
Nimevuka nao talaka. Nimeukalia matanga yake.

Nikampigia dada yangu Thuwaiba, Ibra, nimsomee.
Alikuwa anachagua mchele; nilisikia punje zikigonga sinia,
kisha sikuzisikia.
«Wewe ulikuwa mgongoni kwangu,» akasema.
«Baba alirudi kuchukua mkoba wa pasi.»

Mkoba wa pasi.
Ngozi ya bandia, zipu mbovu, umefungwa kwa kamba ya katani:
pasi saba, vyeti vya kuzaliwa vya Wete,
na barua yenye mihuri mitatu kuthibitisha
kwamba babu wa babu alitoka bonde hili hili
ambamo watoto dukani walitucheka tukiomba chumvi.
Wakati ule mtu bila karatasi
alikuwa lafudhi tu.

Nikafungua kabati. Pasi yangu ipo.
Wino umetanda, jicho la kushoto limeoshwa,
lililobaki linanitazama
kama mteja aliyengoja nguo yake kwa fundi tangu Shaabani.

Rasimu ya nne ilikuwa ya ujanja:
*Alirudi kwa ajili yangu, maana jina langu lilikuwamo mkobani.*
Sentensi nzuri, imepigwa pasi, ina mkunjo wake.
Ningeikuta kwa mwandishi mwingine ningemshuku.
Nikaifuta, na si kwa ucha Mungu:
lilinijia goti la Thuwaiba,
lile analolipaka mafuta kila kipupwe
akisema, uzee huu, uzee.
Alikuwa na miaka kumi na mmoja.
Katika rasimu tatu sikuwa nimempa hata jina.

Haya, ya tano.
*Dada yangu alinibeba. Baba alikwenda kuokoa karatasi.
Sikuona kitu; uso wangu ulikuwa shingoni mwa dada,
na shingo ilinuka mafuta ya nazi.*
Haina radi. Inakwaruza kama mchanga kwenye pilau.
Sijui Baba aliwaza nini katikati ya maji yale,
na aliyejua tumemzika,
basi hapo nimeacha nafasi, mistari miwili mitupu,
nisije nikamtilia maneno kinywani.

Namtumia Thuwaiba kwa simu,
bila kutegemea jibu saa hizi.
Kumbe naye yu macho. Sauti yake, sekunde sita:
«Umesahau viatu. Vya Idi, vyekundu.
Ulilia mpaka nikavishika kwa meno.»

Sikumbuki viatu vyovyote.

Naandika: vyekundu.